Jino la Zoran Liko Mezani Kwangu

Jumatatu jioni, Butimba. Upepo wa ziwani umeshinda unapiga mabati tangu asubuhi, na vumbi la Julai limeingia mpaka kwenye chai. Koo linawaka. Moyo nao haujatulia.

Ninyi mnaopita humu kusoma vituko vyangu vya harusi na spika, leo vueni kofia. Mimi ni mtu mwenye bahati. Sisemi bahati ya kuokota simu stendi, nasema bahati ya kupewa. Wengine wamepewa ng'ombe, wengine wamepewa viwanja Kisesa, mimi nimepewa jino. Jino la mbele, la mwimbaji wa bendi kutoka Serbia, Ulaya kule. Kanipa rafiki yangu Mzee Dragan, mkono kwa mkono, na kesho asubuhi anapanda ndege kurudi kwao. Zungukeni Mwanza yote mpaka Sengerema, mkimpata mtu mwingine mwenye jino la namna hii, mleteni, nimpe spika zangu zote aondoke nazo.

Nacheka hivi, lakini mlango nimeufunga kwa komeo.

Wageni wa blogu, mimi ndiye Profesa. Jina nilipewa na watu, si chuo. Shule niliishia kidato cha pili, mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Lakini dunia nimeiona: Kisumu nimefika, Entebbe nimefika, Bukoba nimelala wiki nzima kwa wakwe za watu. Kazi yangu ni kukodisha muziki. Harusi, kipaimara, msiba, mkutano wa injili, wote wanakuja kwangu, na wote wanasema sauti haitoshi.

Leo sauti isiyotosha ni yangu mwenyewe. Imekatika. Nikifungua mdomo unatoka upepo kama tairi. Ndiyo maana naandika.

Mzee Dragan alikuja kwangu mwaka jana amebeba amplifaya kifuani kama mtoto mgonjwa. Ni fundi wa majokofu makubwa ya viwanda vya samaki. Mara ya kwanza aliponisalimia alisema "shikamoo". Mzungu mwenye mvi, mkubwa kuliko baba yangu mdogo! Nikaitikia marahaba, tena kwa raha zangu. Baadaye nikaona anampa shikamoo kila mtu, mpaka muuza karanga, mpaka watoto wa chekechea. Inaelekea aliambiwa ndiyo habari ya asubuhi. Mtaa mzima tulijua na hakuna aliyemsahihisha. Ilikuwa tamu mno.

Nilimshuku tangu siku ile. Mzungu gani anapanga chumba kimoja Butimba, bomba liko nje, wakati wenzake wako kwenye majumba ya kuangalia ziwa? Nilidhani ni mpelelezi. Kisha nikadhani kaikimbia ndoa. Kisha akaniambia alikuwa kwenye bendi, na hapo nikajua ni mwongo wa kawaida, kama mimi. Nikampenda.

Alinisimulia vipande vipande, huku tunachomelea nyaya. Walikuwa vijana watatu kwenye mji wa kando ya mto Danubi, enzi ambazo nchi yao ilikuwa kubwa zaidi na ina jina lingine. Zoran aliimba na kupiga gitaa, Dragan alipiga besi, na ngoma alipiga kijana mmoja mwembamba ambaye ngoma yake kubwa ilikuwa pipa la sabuni ya unga, la karatasi ngumu, limejazwa mto wa kulalia. Mazoezi walifanyia chini ya nyumba ya bibi yake Zoran, kwenye stoo ya mapipa ya kabichi iliyochachushwa. Dragan anasema mpaka leo akisikia harufu ya kabichi chachu vidole vinaanza kucheza vyenyewe. Bendi waliiita Limena Ograda, maana yake Uzio wa Bati.

Muziki wenyewe wanauita hadikoo panki. Aliponisikilizisha kaseti, nilidhani spika yangu imeungua. Wimbo mzima dakika moja haufiki! Hata tangazo la ng'ombe aliyepotea ni refu kuliko huo.

"Mzee, huu wimbo umekatika?" nikamuuliza.

"Hapana. Imekwisha," akasema. "Sisi iko na maneno kidogo, basi."

Kaseti yenyewe waliirekodi kwa maikrofoni moja waliyoining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo. Halafu wakaidurufu moja moja nyumbani, wakaweka kwenye bahasha, wakatuma posta kwa watu wasiowajua. Na watu wasiowajua wakawatumia kaseti zao, kutoka Brazili, kutoka Ufini. Bure!

Hapo nilisimamisha kuchomelea. Mtu usiyemjua akutumie kitu bure toka ng'ambo ya bahari? Kwetu hiyo ina jina moja tu: Frimasoni.

Akacheka mpaka akashika meza. Lakini sikusahau.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa ukumbi wa vijana, katikati ya wacheza ngoma za kienyeji na mfanya mazingaombwe. Mlinzi wa ukumbi aliwazimia umeme wimbo wa tatu, wao wakaendelea kupiga bila umeme, wanapayuka tu. Baada ya hapo walizunguka miji ya karibu kwa treni, wanalala kwenye viti, wanapigia watu wachache ambao nusu yao ni bendi itakayofuata kupanda. Halafu mpiga ngoma akaitwa jeshini. Wakamngoja. Aliporudi, anasema Dragan, alikuwa amenyoa na anataka nyimbo za polepole. Ukawa mwisho. Bendi ile ilikuwa na mwanzo tu.

Sasa mtu kama mimi, akisikia watu wamepata jina kwa kupiga kelele, atakaa kimya? Nikamwambia, mzee, tuuwashe tena huo uzio. Mpiga ngoma tulimpata Nyanzobe, anayeuza dagaa sokoni. Yule dada amezaliwa kwenye ngoma, baba yake alikuwa na kundi lake, na mikono yake ikigusa ngozi utadhani mvua ya mawe. Mara ya kwanza kusikia kaseti alikunja uso, akasikiliza yote, akasema, "Kaka Profesa, hawa watu hawana adabu. Wanaanza saa ngapi mazoezi?"

Besi Mzee Dragan, ngoma Nyanzobe, kupayuka mimi. Gitaa hatukuwa nalo na hatukulikosa. Niliimba kuhusu umeme kukatika, kuhusu wenye harusi wanaosema muziki mdogo, kuhusu samaki mzuri anayepanda ndege huku sisi tunabaki na kichwa. Mzee akanifundisha: "Wewe imba kama nyumba iko moto, na mtu ndani hasikii." Nikaimba hivyo miezi mitatu.

Kisha nikaona kitambaa.

Kila mazoezi, kabla ya kuunganisha waya, Mzee Dragan anafungua zipu ndogo ya mfuko wa gitaa lake la besi, anaingiza vidole viwili, anagusa kitambaa chekundu kilichofungwa fundo, ananong'ona neno la kwao, anafunga. Kila siku. Mimi najifanya napuliza maikrofoni, jicho liko pale.

Wasio wa huku niwaeleze. Usukumani, baada ya mavuno, ngoma mbili zinawekwa uwanja mmoja, zinapigwa kwa wakati mmoja, na watu ndio mahakama. Wanahama. Ukiona nyuso umeshinda, ukiona migongo umeshindwa. Ndiyo maana mkuu wa ngoma hatoki nyumbani mikono mitupu. Ana dawa yake ya mvuto, imefungwa, na hakuna anayeuliza ndani kuna nini. Anayetafuta watu huwa ana kitu. Hilo linajulikana na mtoto wa miaka sita.

Sasa Mzungu kajulia wapi?

Na dawa za mvuto, waliotangulia wanasema, huwa zinakula mahali. Wiki ile ile niliyoona kitambaa, sauti yangu ilianza kukwaruza. Mama yangu alinisikia kwenye simu, akauliza, "Mwanangu, nani anaichukua?" Nilikwenda zahanati, daktari akasema koo limevimba, niache kupiga kelele. Nikamtazama yule daktari. Kijana mdogo, viatu vipya. Hata yeye nikamshuku.

Nikaanza kuunganisha. Bendi ya zamani ilikuwa na mwimbaji. Mwimbaji sasa ni marehemu, Dragan aliniambia mwenyewe kwamba Zoran alifariki mwaka jana. Na mimi ni mwimbaji, sauti inaondoka. Inaondoka kwenda wapi?

Ndugu zangu, ukiwa na akili nyingi kama zangu unaweza kujitisha bila msaada.

Jumamosi tulikwenda Misungwi kwenye ngoma za mavuno. Nyanzobe ndiye aliyetupatia nafasi kwa jina la marehemu baba yake. Wazee wa uwanja walituweka upande wa mashariki, tupambane na kundi la nyoka. Kundi lenye chatu! Chatu mwenyewe amelala shingoni mwa mchezaji kama skafu ya baridi, hana wasiwasi na mtu. Nyanzobe akakaza ngozi za ngoma zake, akatazama kule, akasema, "Leo tutapigia majani."

Mzee Dragan alikwenda kuwasalimia wale wa nyoka. Namwona kwa mbali anawapa shikamoo mmoja mmoja, na wao wanaipokea. Mfuko wake wa gitaa uko miguuni kwangu.

Nilifungua zipu kwa usalama wa bendi. Nikafungua fundo.

Jino. Jino la mtu, refu, la njano kidogo, na mzizi wake.

Sikumbuki kufikiri. Mkono wangu ulikwenda mfuko wa shati wenyewe, na jino na kitambaa chake, ukarudi mtupu. Kuiba ni neno la polisi, mimi nasema nililihifadhi. Nilitaka kuona tu. Kama ndilo linalonila, basi leo lisiguswe na mtu, sauti irudi.

Aliporudi akafungua zipu, akaingiza vidole viwili. Akaingiza mkono wote. Akaukung'uta mfuko mzima kwenye majani, nyaya, pipi, kitana. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa hivyo. Kama mtu aliyeamka stendi akakuta basi limeondoka na mke wake.

"Profesa, wewe ona kitambaa? Nyekundu?"

"Kitambaa gani, mzee?"

Na filimbi ikapigwa.

Tulianza. Mbele yetu walikuwa watoto, wehu wawili wa mji ule na mbuzi. Uwanja wote migongo. Mzee alipiga besi huku macho yako chini kwenye majani, bado anatafuta. Nikapayuka wimbo wa umeme, nikapayuka wimbo wa samaki, na katikati ya wa tatu sauti ikakatika. Haikufifia. Ilikatika kama uzi. Nafungua mdomo, hakuna kitu, na jino liko mfukoni kwangu, juu ya moyo wangu mwenyewe.

Hapo nilipata akili ambayo shule haikunipa. Kama jino linakula sauti, limeila likiwa kwangu. Basi mchawi ni nani?

Nyanzobe hakusimama. Alinyoosha shingo kwenye maikrofoni ya ngoma akaanza kuwatukana watu wa Misungwi kwa Kisukuma, matusi ya utani, ya mashambani, kwamba wamekuja kumtazama nyoka kwa kuwa nyumbani wake zao hawawatazami. Mama mmoja akageuka. Akapiga vigelegele. Akavuka uwanja na wenzake, kanga kiunoni, wakaja kucheza hadikoo panki kwa mabega kama wanapura mtama. Uwanja wote haukuhama, nisiwadanganye, nyoka alishinda. Lakini nyuso tulizipata, nyingi tu. Nikamtazama Mzee Dragan nione kama anafurahi. Anapiga, machozi yanashuka, na sikujua ni ya upande upi.

Jana akatualika Kigongo kula samaki, kutuaga. Tangu daraja lianze kupitisha magari, wauzaji wa pale kwenye kivuko wana muda na mteja, sato anakaangwa huku unaulizwa habari za ukoo wako. Tukakaa, watu watatu, ugali katikati. Nyanzobe ndiye aliyeuliza, kwa kuwa yeye huuliza mambo kama anavyopima dagaa, bila kuremba.

"Mzee Dragani, kile ulichopoteza jana kilikuwa dawa?"

Nilimeza mwiba.

Mzee akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Dawa."

Akatueleza. Ule usiku wa kwanza, ukumbi wa vijana, watu walisimama mbali wamekunja mikono, wanangoja mfanya mazingaombwe. Zoran kwa hasira akazungusha maikrofoni, ikampiga mdomoni, jino la mbele likaruka mpaka miguuni kwa watu. Hakuacha kuimba. Damu kidevuni, anaimba anacheka. Na wale waliokunja mikono wakasogea. Kwanza kulitafuta jino, kisha wakabaki pale pale mbele. Msichana mmoja akaliona, akampa Dragan. Toka siku ile kila walipokwenda kupiga, jino lilikwenda. Wanaligusa wote watatu, wanasema "njoo". Tu. Neno lenyewe ni hilo, njoo.

Nyanzobe akaacha kutafuna. "Basi ni ya mvuto," akasema taratibu. "Kama ya baba."

"Kama ya baba," Mzee akaitikia.

Kisha akasema kwa nini anarudi kwao. Dada yake Zoran ni mzee sasa, amemwandikia kwamba jiwe la kaburi limekamilika, na anaomba jino, alifukie pale kichwani kwa kaka yake. Kitu chake cha mwisho kilichobaki duniani. Mzee alimwahidi. Tiketi ameikata kwa ajili hiyo. "Sasa mimi nakwenda na mikono," akasema, akatuonyesha viganja viwili vyenye mafuta ya samaki.

Kwetu pia tunapenda mtu azikwe mzima.

Nyanzobe akamshika mkono. Mimi nilitazama ziwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikuwa na sauti, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba sina.

Leo mchana kagonga hapa kwangu. Amebeba chupa ya asali na tangawizi ndefu kama mkono wa mtoto, za koo langu. "Shikamoo, Profesa," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Akaomba, kama haitanisumbua, tuangalie kwenye maboksi ya nyaya, pengine kitambaa kilidondokea humo wakati wa kufungasha. Tukapiga magoti. Tumepekua maboksi yote, mimi na yeye, waya kwa waya. Nimemsaidia kutafuta. Jino liko mfuko wa shati.

Wakati anaondoka alinigeukia mlangoni. Ndipo, wapenzi wasomaji, akanishika bega, akasema, baki nalo wewe, Profesa, wewe ndiye mwimbaji sasa.

Sentensi hiyo nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena tangu jua liko juu. Ni nzuri. Inafanana kabisa na vitu anavyoweza kusema. Hata nyinyi mngeamini.

Alichosema kweli mlangoni ni kwamba asali nisichanganye na maji ya moto sana.

Na bado, ndiyo moyo wangu huu, kuna sauti ndogo inaniambia nisubiri. Inauliza, na kama hadithi yote ni uongo? Na kama hakuna Zoran, hakuna dada, hakuna kabichi? Nimekaa nimelitazama jino hili toka saa tisa. Pembeni limevunjika kidogo, mahali ambapo kitu cha chuma kimelipiga. Sauti ile imenyamaza, na ni afadhali, maana haikuwa ikimshuku yeye. Ilikuwa inanitafutia mimi njia ya kutokea.

Kesho alfajiri, gari lake la kwenda uwanja wa ndege halijafika, nitakuwa mlangoni kwake. Nyanzobe nimemtumia ujumbe aje nami, maana naijua miguu yangu. Kanijibu neno moja la Kisukuma lisiloandikika hapa, kisha akaongeza, "Nakuja, kaka." Kama sauti haijarudi, nitafungua kiganja tu. Lakini naomba irudi kidogo, itoshe neno moja. Mwaka mzima yule mzee ananipa heshima isiyo yangu, na mimi napokea. Kesho shikamoo nitaitoa mimi.

Ataitikia?

Yale ya juu kule, ya bahati, sitayafuta. Yakae mahali yalipo, na hili likae chini yake.

Sikupewa jino. Niliiba.